Moja ya Dadu: Kuwapima Upya Space Marines

Desemba 2024, kampuni ya Games Workshop, yenye makao yake Nottingham, Uingereza, ilitoa sasisho la sheria za Warhammer 40,000, mchezo wa vita unaochezwa mezani. Kati ya marekebisho yake mengi palikuwa na moja fupi lililowahusu Space Marines, jeshi linalojulikana kuliko yote katika mchezo huo. Wanapomshambulia adui waliyemwekea kiapo, waongeze 1 kwenye dadu ya kujeruhi. Moja tu. Hata hivyo, moja hiyo inamlazimu kila mwenye jeshi hilo kuvipima upya vikosi vyake, kwa sababu haikugawa nguvu sawa kwa sawa. Zipo silaha zilizopata maradufu, zipo zilizopata robo, na zipo ambazo hazikupata chochote.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mambo yenyewe ni hivi. Wachezaji wawili hukutana kwenye meza yenye magofu na vilima vya kuigiza, kila mmoja na sanamu zake ndogo za plastiki alizozigundisha na kuzipaka rangi kwa mkono. Kila kikosi kina bei yake ya pointi, na katika pambano la kawaida kila upande hununua jeshi la pointi 2,000. Nani amepiga, nani amekufa na nani amesalimika, yote huamuliwa na dadu za pande sita. Warhammer 40,000 ilianza mwaka 1987, lakini wazo la kuigiza vita kwa dadu lina umri mkubwa zaidi: mwaka 1824 ofisa wa Prusia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi lake mchezo wa ramani, dadu na majedwali, nao wakaupitisha uwe wa kufundishia maofisa.

Tofauti ni kwamba mchezo wa Reisswitz haukuwa na haja ya kuwa wa haki. Huu wa leo ni wa mashindano, kwa hiyo mizani ndiyo roho yake. Games Workshop imewahi kueleza kuwa inataka kila jeshi lishinde kati ya asilimia 45 na 55 ya mapambano yake. Jeshi likipungukiwa au likizidi, kampuni hugusa kimoja kati ya viwili: bei ya pointi au sheria yenyewe. Kubadilisha bei ni rahisi kukadiria. Kikosi kikishuka bei, mchezaji anajua kwamba atabaki na pointi kadhaa mkononi. Kubadilisha sheria ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu.

Risasi moja katika mchezo huu hupita milango minne. Kwanza ni kugonga: Space Marine wa kawaida hugonga akipata 3 au zaidi. Pili ni kujeruhi, ambako nguvu ya silaha hulinganishwa na ugumu wa adui. Vikiwa sawa, inahitajika 4 na kuendelea. Nguvu ikizidi ugumu, inatosha 3. Ikifika mara mbili ya ugumu, inatosha 2. Nguvu ikiwa ndogo kuliko ugumu, inahitajika 5. Ikiwa nusu ya ugumu au chini ya hapo, ni 6 tupu. Mlango wa tatu ni kinga ya adui, yaani deraya yake, ambayo silaha kali huipunguza. Wa nne ni madhara: kila pigo lililopenya linaondoa uhai kiasi gani.

Kiapo, ambacho katika vitabu vya mchezo huitwa Oath of Moment, hugusa milango miwili ya mwanzo. Mwanzoni mwa zamu yake mchezaji humteua adui mmoja, kikosi kimoja tu, na jeshi zima hupata upendeleo dhidi yake mpaka zamu inayofuata. Toleo la kumi la mchezo lilipotoka Juni 2023, upendeleo huo ulikuwa mkubwa: dadu ya kugonga iliyokosa ilirushwa tena, na ya kujeruhi iliyokosa nayo ikarushwa tena. Kabla mwaka huo haujaisha, jeshi lilipata kitabu chake kipya na ruhusa ya kurudia dadu ya kujeruhi ikafutwa. Ikabaki ya kugonga peke yake. Mwaka mmoja baadaye ndipo ikaja hiyo 1 ya nyongeza.

Basi wengi wakadhani kilichochukuliwa kimerudishwa. Hakikurudishwa. Kurudia dadu na kuongeza 1 ni vitu viwili tofauti, na tofauti yake huonekana mara mtu anapochukua kalamu. Silaha inayojeruhi kwa 4, nafasi yake ni nusu. Ikiruhusiwa kurudia inafika robo tatu. Ikiongezewa 1 inafika theluthi mbili. Inayojeruhi kwa 3, kurudia huipeleka kwenye 8 kati ya 9, na nyongeza huipeleka kwenye 5 kati ya 6. Inayojeruhi kwa 5, kurudia huipa 5 kati ya 9, nyongeza huipa nusu. Mpaka hapo sheria ya zamani ndiyo bora. Ni kwenye 6 tu mambo yanapogeuka: kurudia hutoa nafasi 11 kati ya 36, nyongeza hutoa 12 kati ya 36. Silaha dhaifu kuliko zote, ikielekezwa kwa adui mgumu kuliko wote, ndiyo pekee iliyotoka kwenye safari hii ikiwa na nguvu zaidi kuliko ilivyokuwa siku toleo lilipozinduliwa.

Ukilinganisha na hali iliyokuwapo siku moja kabla ya sasisho, picha ni hii: aliyehitaji 6 sasa anahitaji 5, na majeraha yake yameongezeka maradufu. Aliyehitaji 5 amepata nusu zaidi. Aliyehitaji 4 amepata theluthi zaidi, na aliyehitaji 3 robo. Aliyehitaji 2 hakupata kitu, maana dadu ikitoka 1 ni kukosa tu, hata ikiongezewa.

Hapo mtu anaweza kukimbilia kusema kwamba ushindi ni wa askari wa kawaida, wale Intercessors wenye bunduki ya nguvu 4. Polepole. Asilimia bila hesabu kamili hudanganya.

Chukua Land Raider, gari zito la kubebea askari: ugumu 12, uhai 16, na deraya inayozuia kwa 2 na kuendelea. Risasi 20 za Intercessors, zikisaidiwa na kiapo, hugonga kama 18. Kabla ya sasisho, karibu 3 zilijeruhi, deraya ikazuia 2, na gari likapoteza uhai 1. Baada ya sasisho linapoteza 2. Ni kweli, ni maradufu. Lakini 2 kati ya 16 haiwezi kumkosesha usingizi mwenye gari. Hata risasi zikiwa 40, hazifikishi 4. Mara mbili ya kidogo bado ni kidogo.

Sasa wachukue Hellblasters watano, askari wenye bunduki za plasma. Kila mmoja hufyatua risasi 2, na wakiamua kufyatua kwa nguvu zote, kila risasi ina nguvu 8, hupunguza deraya kwa 3 na kuondoa uhai 2. Dhidi ya Land Raider ileile walikuwa wakihitaji 5 ili kujeruhi. Sasa wanahitaji 4. Risasi zao 10 zilikuwa zikiondoa uhai 4 kwa wastani. Sasa zinaondoa 6. Wakati wa Juni 2023, walipokuwa wakirudia kila kitu, walifika kama 6.6. Kwa lugha nyepesi, watu watano waliokuwa wakihitaji raundi nne kulimaliza gari hilo sasa wanahitaji chini ya tatu. Hiyo ndiyo nyongeza ya kutikisa mchezo: si kubwa kwa asilimia kama ya Intercessors, ila imewekwa juu ya silaha iliyokuwa tayari inauma.

Silaha za juu kabisa zimefaidika kiasi. Lascannon, mzinga wa leza wenye nguvu 12, akiwa nao mpigaji anayegonga kwa 3, ulikuwa ukiondoa wastani wa uhai 1.3 kwa kila risasi dhidi ya gari hilo. Sasa ni 1.8. Ni nyongeza nzuri, lakini silaha hiyo ilikuwa na kazi yake hata bila kiapo, na ndiyo sababu haipaswi kubadilisha nafasi yake jeshini.

Adui akiwa wa wastani, hadithi hubadilika tena. Terminators wa upande wa pili, askari wazito, wana ugumu 5, uhai 3 na kinga maalumu inayozuia nusu ya mapigo hata silaha iwe kali namna gani. Mbele yao lascannon hainufaiki kwa lolote, kwa kuwa tayari inajeruhi kwa 2. Intercessors walikuwa wakihitaji 5, sasa 4, na risasi zao 20 zilizokuwa zikiondoa uhai 2 sasa zinaondoa 3, yaani Terminator mmoja mzima. Hapa askari wa kawaida wana haki ya kusifiwa. Kikosi cha bei nafuu kinachoangusha Terminator mmoja kwa raundi, huku kikilinda eneo la ushindi, kimelipa gharama yake.

Yapo pia mambo madogo ambayo sasisho limeyashusha thamani bila kuyataja. Mchezo hauruhusu dadu ya kujeruhi iongezwe zaidi ya 1, hata sababu ziwe tano. Kwa hiyo kikosi kilichonunuliwa kwa sababu kina mikuki inayopewa 1 ya kujeruhi kinaposhambulia kwa kasi, mbele ya adui wa kiapo hakina tena cha ziada. Silaha pacha, ambazo tayari hurudia dadu ya kujeruhi, zimeongezeka kwa chini ya asilimia 20 pale silaha ya kawaida ilipoongezeka kwa theluthi. Silaha ambazo 6 kwenye dadu ya kugonga hujeruhi papo hapo zinauruka mlango wa pili kwa baadhi ya risasi zake, na risasi hizo haziioni nyongeza. Na zile zinazotegemea 6 halisi ili kupenya kinga zote hazijapata 6 ya ziada hata moja, maana 5 iliyoongezewa 1 haihesabiwi kuwa 6 halisi. Mchezaji aliyejenga jeshi lake juu ya 6 hizo alipenda sheria ya Juni 2023, na ana haki ya kuikumbuka, kwani kurudia dadu kulimpa nafasi ya pili ya kuipata.

Nyongeza hii pia haikutolewa kwa kila mtu mwenye sanamu za Space Marines. Inahitaji mfumo wa jeshi uliomo katika kitabu kikuu cha Space Marines, na jeshi lisilo na vikosi vya Blood Angels, Dark Angels, Space Wolves, Black Templars wala Deathwatch. Sababu inaeleweka. Makundi hayo matano yaliweza kutumia karibu kila kilichomo katika kitabu kikuu, kisha yakaongeza vikosi vyao wenyewe juu yake. Anayecheza Ultramarines, Salamanders au Raven Guard alikuwa na chaguo lilelile, pungufu ya yale ya ziada. Kuwapa hao 1 ya dadu ni njia safi ya kuwapatia sababu ya kuwepo, na ni bora kuliko kupandisha bei za kikosi kimoja kimoja, kwa sababu bei ingewaumiza wote, mwenye ziada na asiye nayo.

Kuna jambo moja ambalo hesabu za risasi haziwezi kulionyesha peke yake: kiapo ni kwa kikosi kimoja tu. Adui huyo akifa mapema, risasi zote zinazobaki katika zamu hiyo hurudi kwenye nguvu zao za kawaida. Mpangilio wa kupiga sasa una uzito zaidi kuliko zamani. Silaha zisizonufaika, kama vile zinazojeruhi tayari kwa 2, zielekezwe kwingine, na zile za nguvu ya kati ndizo zipewe adui wa kiapo. Mwenye mazoea ya kuanza na mizinga mikubwa ili kazi iishe haraka anaitupa nyongeza yake.

Basi orodha ya kupendekeza kwa mwenye Ultramarines na pointi 2,000 ni fupi. Hellblasters wapande juu kabisa, wakiwa vikosi viwili kama mfuko unaruhusu, huku mchezaji akikumbuka kwamba kufyatua plasma kwa nguvu zote kuna hatari: dadu ikitoka 1, anayeumia ni mpigaji. Intercessors wabaki kikosi kimoja cha kulinda eneo na kusumbua askari wazito, si cha kuwinda magari. Lascannon zibaki idadi ileile iliyokuwapo Novemba 2024. Vikosi vya mikuki vipunguzwe, isipokuwa kwa anayevituma makusudi kwa maadui wasio na kiapo. Na kabla ya kununua sanamu mpya, mchezaji achukue karatasi, aandike ugumu wa maadui watatu anaokutana nao mara nyingi, kisha apige hesabu ya kila silaha yake mbele ya kila mmoja wao.