Alitumwa tu: hakimu anapimaje adhabu ya kijana aliyebeba bangi?



Hapa komini ya Kamalondo, mama anapoingia ofisini kwetu akilia kwamba mtoto wake yuko buloko kwa sababu ya mfuko wa bangi, neno lake la kwanza huwa lilelile: "Alitumwa tu." Maneno hayo mawili yana uzito mbele ya sheria. Lakini yakibaki kwa jirani na barabarani, bila kufika kwa hakimu, hayamsaidii kijana.

Wenye mali hawabebi mzigo wao wenyewe. Wanatafuta kijana asiye na kazi au mwenye deni, wanamwahidi pesa kidogo, na mara nyingine hawamwambii kilichomo ndani. Akikamatwa kwenye barabara ya Kasumbalesa, wao wanatoweka, yeye anabaki peke yake na kosa.

Umri unatangulia yote

Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto katika Kongo, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa mkosaji wa jinai. Aliye kati ya miaka 14 na 18 anapelekwa mahakama ya watoto, ambayo kazi yake ni kumlinda na kumrekebisha. Mashaka juu ya umri yakibaki, anahesabiwa kuwa mtoto. Tena, sheria hiyo inaweka kumtumia mtoto katika biashara ya madawa ya kulevya kati ya aina mbaya kabisa za kazi za watoto. Kwa hiyo mtu mzima aliyemtuma ana kesi yake mwenyewe.

Tulifuata kesi ya kijana mmoja ambaye karatasi ya kwanza ilimwandika miaka 19. Kadi yake ya ubatizo, yenye kuonyesha miaka 17, ilikuwa nyumbani ndani ya valizi. Hakuna aliyefikiri kuileta. Alilala miezi mingi pamoja na watu wazima mpaka avoka alipoiomba.

Sababu za kupunguza adhabu

Kwa aliyetimiza miaka 18, kifungu cha 18 cha sheria ya adhabu kinamruhusu hakimu kupunguza kifungo na faini akiona sababu za kufanya hivyo. Kifungu cha 19 kinamlazimisha kuzitaja moja moja katika hukumu. Sheria haitoi orodha ya sababu hizo. Kwa hiyo ni kazi ya avoka na familia kuzileta.

Nchi nyingine zinatusaidia kuelewa. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu, ilitaja mambo ya kupima: umri, kama ni kosa la kwanza, kama mtu alikiri, mwenendo wake, majuto yake, na kama anaweza kubadilika na kurudi katika jamii. Ile ilikuwa kesi ya mauaji, na mwaka 2021 mahakama hiyo ilieleza kwamba uamuzi wake haugusi makosa mengine. Hata hivyo, hayo ndiyo maswali ambayo hakimu yeyote hujiuliza. Uingereza, tangu mwaka 2012, miongozo ya madawa ya kulevya inauliza mtu alikuwa na nafasi gani: kiongozi, mwenye nafasi kubwa, au mdogo aliyeshurutishwa au kudanganywa.

Mizani ina pande mbili. Mzigo mkubwa, hukumu za zamani, au kuwavuta watoto wengine katika kazi hiyo vinaongeza uzito. Wala kupunguziwa adhabu si kufutiwa kosa. Ikiwa kifungo hakizidi mwaka 1 na rekodi ya zamani inaruhusu, hakimu anaweza kukisimamisha kwa masharti, kijana arudi nyumbani akiwa chini ya onyo.

Familia ifanye nini?

• Andikisheni kila mtoto kwenye ofisi ya komini ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa.
• Leteni hati ya kuzaliwa, kadi ya ubatizo au karatasi za shule mapema, kabla ya hukumu.
• Tafuteni mwalimu, fundi au mkubwa wa kanisa au msikiti anayemjua kijana, aje aseme.
• Mwambieni avoka nani alimtuma, alimwahidi nini, na kama alimtisha.
• Msidanganye umri. Uongo ukigunduliwa, hata ukweli mwingine hauaminiwi tena.

Baba mmoja alituuliza: "Mkimhurumia huyu, wengine hawataiga?" Swali ni la haki. Lakini yule aliyemtuma bado anatembea, na kesho atamtuma mwingine. Kijana aliyepewa adhabu inayolingana na kosa lake, akapokewa na wazazi na majirani, anaweza siku moja kuwa yeye wa kuwaambia wadogo zake: mzigo usioujua, usiubebe.