Hell's Gate: Hapa utaendesha baiskeli bila kuogopa matatu

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipopanda baiskeli? Ukiwa mmoja wa wanaofanya kazi ofisini jijini Nairobi, huenda ulikuwa bado katika shule ya msingi, ukipitisha mguu ndani ya fremu ya Black Mamba ya baba kwa sababu hukuweza kufikia kiti. Tangu wakati huo umezoea kuketi. Asubuhi unaketi ndani ya matatu, mchana unaketi ofisini, na jioni unaketi tena mbele ya televisheni.

Ukiulizwa kwa nini huendi kazini kwa baiskeli, utajibu kwamba hutaki kufa. Jibu hilo lina msingi. Kati ya mwaka wa 2021 na 2024, ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka humu nchini, na mwendesha baiskeli hana hata bati la kumkinga lori linapompita kwa kasi katika Mombasa Road.

Hata hivyo, kuketi nako kunaua, ila hakupigi kelele. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu. La kusikitisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Mazoezi ya wastani ni yale yanayokufanya uhemehe kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzako, lakini ushindwe kuimba. Baiskeli hutimiza jambo hilo vizuri, na kwa kuwa uzito wa mwili huubebwa na kiti, haiumizi magoti na vifundo kama kukimbia kunavyofanya. Kwa mtu mnene anayeanza mazoezi, hiyo si faida ndogo.

Swali basi ni mahali pa kuiendesha. Kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, kusini mwa Ziwa Naivasha, kuna mbuga ya kitaifa ya Hell's Gate. Ilitengwa mwaka wa 1984 na ni ndogo, kilomita 68 mraba tu. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambako unaruhusiwa kupita katikati ya wanyama kwa miguu au kwa baiskeli. Ukiingia kwa lango la Elsa, barabara ya changarawe inapita kati ya majabali marefu yenye rangi ya kutu. Baada ya mwendo mfupi unafika Fischer's Tower, nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 25 hivi, iliyopewa jina la msafiri Mjerumani Gustav Fischer aliyefika sehemu hizi mwaka wa 1883. Pimbi huota jua hapo na hawajali kupigwa picha. Mbele zaidi utakutana na punda milia, ngiri, kongoni, swala na twiga, na upande wa mashariki unasimama Mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776.

Usitarajie kwamba hutaona gari lolote. Magari ya watalii hupita, hasa Jumamosi na Jumapili, nayo hutimua vumbi. Lakini ni machache, huenda polepole, na hakuna makanga anayening'inia mlangoni akikupigia mbinja utoke njiani. Ukiweza kupata nafasi siku ya kazi, utapita muda mrefu ukisikia mlio wa changarawe chini ya tairi na upepo tu.

Kutoka lango la Elsa hadi karibu na genge la Ol Njorowa ni kilomita saba au nane. Kwenda na kurudi, pamoja na kusimama kutazama wanyama, kunaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Njia ya kwenda ni rahisi, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Kurudi kuna mwinuko mdogo usioonekana kwa macho, jua limeshapanda, na miguu imeanza kulalamika. Kwa hivyo ingia mapema asubuhi, na ugeuke kabla hujachoka. Beba maji, lita mbili kwa kila mtu si nyingi, pamoja na ndizi au karanga. Mbuga hii iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Nairobi hatahisi tofauti kubwa, lakini aliyetoka Mombasa atashangaa jinsi pumzi inavyomwishia.

Baiskeli za kukodi hupatikana kwenye njia panda ya kuelekea mbugani na pia karibu na lango. Usichukue ya kwanza unayopewa. Bana breki zote mbili huku ukiisukuma. Ikiendelea kuteleza, irudishe. Tikisa magurudumu uone kama nati zimekazwa. Bonyeza tairi kwa kidole gumba: kwenye changarawe tairi lililojazwa likawa gumu kama jiwe litakurusharusha, afadhali libonyee kidogo. Kisha rekebisha kiti, jambo ambalo karibu kila mtu hupuuza. Keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu wako unapaswa kunyooka. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kiasi tu kinachofaa. Kiti kikiwa chini mno, utarudi nyumbani na maumivu mbele ya goti na useme baiskeli ni mbaya.

Changarawe si lami. Ukifika penye mchanga mwingi, usikate kona ghafla wala kukaza breki ya mbele. Sogea nyuma kidogo kwenye kiti, weka gia nyepesi, legeza viwiko na uendelee kukanyaga. Macho yawe mbali mbele, kwa maana baiskeli huelekea unakotazama. Kwenye mteremko punguza mwendo kabla ya kona. Na uvae kofia ngumu. Sule Kangangi, Mkenya aliyekuwa mwendesha baiskeli mahiri wa mashindano ya changarawe, alifariki baada ya kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, mwezi wa Agosti 2022. Ikiwa aliyeijua kazi hiyo aliweza kuanguka, sisi wa Jumamosi hatuna cha kujivunia.

Kuna mambo mawili ambayo watu huulizana pembeni na ambayo ni heri tuyataje wazi. La kwanza ni ile imani kwamba msichana akipanda baiskeli ataharibu ubikira wake. Kwa sababu hiyo wazazi wengi waliwanyima mabinti zao baiskeli, na leo kuna akina mama wengi mjini wasiojua kuiendesha. Ubikira haupotezwi na baiskeli, na utando unaozungumziwa hutofautiana sana kati ya msichana na msichana, hata asiyewahi kugusa baiskeli. Mama ambaye hakufundishwa utotoni anaweza kujifunza akiwa na miaka 40, mahali palipo tambarare na pasipo na magari.

La pili ni hofu ya wanaume kwamba kiti kitawaondolea nguvu za kiume. Hapa kuna ukweli kidogo. Kiti kikibana mishipa ya damu na ya fahamu iliyo kati ya miguu kwa muda mrefu, sehemu hizo hufa ganzi. Ganzi hiyo ni onyo, na wanawake pia huipata. Inuka usimame juu ya pedali kila baada ya dakika kumi hivi, na uhakikishe ncha ya kiti haielekei juu. Kwa anayeendesha saa mbili mara moja kwa wiki, hakuna sababu ya kukosa usingizi. Ganzi ikidumu baada ya safari, mwone daktari.

Daktari au muuguzi umwone pia kabla ya kwenda, hasa ikiwa umepita miaka 40, unavuta sigara, au hujapimwa shinikizo la damu kwa muda mrefu. Moyo uliolala miaka kumi haupaswi kuamshwa kwa kishindo. Anza nyumbani kwa kutembea haraka kila siku. Kisha nenda Msitu wa Karura, ambako kuna njia zilizotengewa baiskeli na baiskeli za kukodi, uendeshe nusu saa, na wiki ifuatayo uongeze kidogo. Baada ya mwezi mmoja na nusu utakuwa tayari kwa Naivasha. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini abebe glukosi au soda yenye sukari na asiende peke yake. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, kwani vumbi la hapa ni majivu ya volkeno, jepesi na lenye kuwasha kifua. Ukihisi kifua kubana, maumivu kwenye mkono au taya, au kizunguzungu, shuka, keti kivulini na uombe msaada papo hapo.

Kuhusu wanyama, kaa mbali na nyati. Ukimwona karibu na barabara, simama ungali mbali na usubiri aondoke au gari lipite ulifuate. Usiwape nyani chakula. Na genge la Ol Njorowa usiliteremkie mvua inaponyesha au mawingu yakiwa yametanda vilimani, hata kama pale ulipo kumekauka. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwezi wa Aprili 2012 na tena Septemba 2019. Waulize askari wa mbuga kwanza, na wakikataa usibishane nao.

Ukitoka Nairobi kwa gari la abiria, shuka mjini Naivasha upande matatu zinazofuata barabara ya kusini mwa ziwa hadi njia panda ya mbuga. Usijaribu kuiendesha baiskeli barabara hiyo yote kutoka mjini, kwa kuwa ina mabasi na malori ya mashamba ya maua. Kiingilio hulipwa kwa mtandao wa serikali wala si kwa pesa taslimu, kwa hivyo simu yako iwe na chaji.

Siku ya pili mapaja yatauma na kupanda ngazi kutakuwa kazi. Hilo ni la kawaida na huisha baada ya siku mbili tatu. Tembea polepole na unywe maji. Lakini misuli ikivimba na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, usingoje kesho, nenda hospitalini.