Dungusi la Kwenye Kopo

Katika nyumba za askari, ambako amri ya uhamisho huweza kufika Jumatatu na lori likafika Alhamisi, si rahisi kuwa na bustani ya kudumu. Waridi huachiwa ajaye, na mchungwa huzaa mikononi mwa mgeni. Ndiyo maana mke wa sajini mmoja wa polisi, aliyekwisha kuhama mara nne katika miaka tisa ya ndoa, alichagua mimea iwezayo kusafiri naye ndani ya sanduku la sabuni: madungusi madogo saba, kila moja katika kopo lake la maziwa.

Watu wengi wasikiapo habari za dungusi hufikiria mpungate, ule mmea wenye mashina bapa yadhaniwayo kuwa majani, upandwao kuzunguka boma. Mpungate ni wa jamii hiyo kweli, lakini ni kaka mkubwa aliye mkorofi. Miongoni mwa wadogo zake wamo wasiozidi chungwa kwa ukubwa, na wengine hutosha kuketi juu ya kijiko. Jamii nzima, yenye aina zipatazo 1,500 au zaidi, asili yake ni Amerika, na bendera ya Mexico hadi leo ina picha ya tai aliyetua juu ya dungusi. Aina moja tu, Rhipsalis baccifera, hupatikana kwa asili barani Afrika pia. Nayo, kinyume cha mazoea ya ndugu zake, huning'inia juu ya miti ya misitu yenye mvua kama nyuzi za kijani.

Kadhalika si kila mmea mnene wenye miiba ni dungusi. Mnyaa na ndugu zake wa porini hutoa utomvu mweupe kama maziwa ukatwapo, na utomvu huo ukiingia machoni huleta madhara makubwa. Wenye watoto na wajihadhari. Dungusi hutambulikana kwa vitakia vidogo vya manyoya mwilini mwake. Miiba hutokea katika vitakia hivyo, na maua aghalabu hutokea papo hapo au karibu yake.

Kwa anayeanza, jinsi mbili zafaa kuliko nyingine. Ya kwanza ni Mammillaria, ambayo nyingi zake zatoka Mexico. Hii huvumilia joto, na maua yake madogo, meupe, ya manjano au ya waridi iliyokoza, hujipanga kuzunguka utosi kama taji. Ya pili ni Rebutia, ya milima ya Bolivia na Argentina, iliyopewa jina la Pierre Rebut, mkulima wa mizabibu wa Ufaransa aliyefanya pia biashara ya madungusi. Maua yake huchipuka karibu na kitako, mekundu au ya rangi ya chungwa, na yaweza kuuficha mmea wenyewe usionekane. Rebutia hupenda usiku wa baridi. Basi aishiye Kabale au Bukavu ana bahati nayo kuliko aishiye Bujumbura.

Yule mama hakufanikiwa tangu mwanzo. Dungusi lake la kwanza alilimwagilia kila asubuhi, zamu moja na mchicha. Likanenepa, likang'aa, majirani wakalisifu. Baada ya miezi miwili aliligusa likaanguka upande, na kitako chake kilikuwa laini kama parachichi lililoiva kupita kiasi. Hapo ndipo penye kosa la wengi. Madungusi ya majumbani hufa kwa kutunzwa mno zaidi kuliko kwa kusahauliwa. Mmea huu hufungua vitundu vya ngozi yake usiku, wakati wa ubaridi, na kuvifunga mchana ili maji yasipotee. Aliyezaliwa na akiba kama hiyo hana haja ya kunyweshwa kila siku. Mizizi yake ikikaa katika udongo uliolowa hukosa hewa, ikaoza.

Kopo lenyewe sharti litobolewe kwa msumari mahali pengi chini. Udongo wa kawaida uchanganywe na mchanga mnene wa mto, changarawe au matofali yaliyopondwa, hata nusu yake au zaidi. Mchanga wa pwani haufai kwa ajili ya chumvi. Wakati mmea unapokua, maji hutiwa mpaka yatoke chini, kisha haupewi tena hata udongo ukauke kabisa. Katika miezi ya masika makopo yakae chini ya upenu, mahali pafikapo jua la asubuhi. Vikionekana vidudu vyeupe mfano wa pamba, vipanguswe kwa kijiti kilichochovywa katika spiriti.

Lakini siri ya maua imo katika kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti, katika nchi za kusini mwa ikweta zenye kiangazi wakati huo, dungusi huachwa lipumzike, bila maji ama kwa kuonjeshwa kidogo mara moja kwa mwezi. Litanywea, lipate mikunjo kama uso wa bibi, na mwenye huruma atataka kulinywesha. Asifanye hivyo. Rebutia hasa ikiwahishwa maji huweza kutoa machipukizi ya ubavuni badala ya maua. Yafaa kungoja hata vitumba vionekane wazi, ndipo kunywesha kuanze taratibu.

Kuhamisha mmea toka kopo hadi kopo hutia watu hofu kwa sababu ya miiba. Dawa yake ni gazeti, hata hili, likishasomwa: likunjwe liwe mkanda, lizungushwe kiunoni mwa dungusi, na ncha zake mbili zishikwe pamoja kama mpini. Mizizi iliyojeruhiwa ipewe wiki moja kavu kabla ya maji.

Kuna jambo liwahusulo askari zaidi kuliko wengine. Madungusi huibwa. Mwezi Februari 2020 polisi wa Carabinieri wa Italia walikamata nyumbani kwa mtu mmoja zaidi ya madungusi 1,000 yaliyong'olewa katika jangwa la Atacama huko Chile, mengine yakiwa na umri mkubwa kuliko wakamataji. Mwaka 2021 zaidi ya 800 yalirudishwa kwao. Karibu jamii yote hulindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe ulioanza kazi mwaka 1975. Kwa hiyo mpenzi wa kweli huotesha mbegu, au huomba chipukizi kwa jirani. Mbegu za Rebutia, zikilindwa kwa mfuko wa nailoni mpaka zimee, huweza kutoa maua baada ya miaka miwili au mitatu.

Wala mpungate usitupwe porini. Huko Laikipia, nchini Kenya, umetapakaa malishoni, na miiba ya matunda yake hujeruhi vinywa na macho ya mifugo.

Uhamisho wa tano wa sajini ulifika mwishoni mwa Agosti. Makopo saba yalipanda lori yakiwa makavu, yamefungwa magazeti, miguuni pa watoto. Katika kituo kipya sanduku liliwekwa dirishani likasahauliwa, kwani palikuwa na vitanda vya kuunganisha. Siku ya tatu mtoto wa kati alikuja mbio jikoni kumwita mama yake. Moja lilikuwa limevaa taji, na mapazia yalikuwa hayajatundikwa bado.