M', Herufi ya Watu Wazima

"Hii ni herufi ama ni uchafu wa nzi?" karani aliuliza, akiinua hatimiliki ya shamba la babu hadi karibu na dirisha. Alichokuwa akikikodolea macho ni alama ndogo iliyokaa kati ya M na I, ile ritifaa tunayoijua sote kutokana na ng'ombe na ng'ambo. Kwenye hatimiliki, iliyotolewa miaka ya 1960, jina lilikuwa M'Ithinji. Kwenye kitambulisho lilikuwa Mithinji. Kwenye cheti cha kifo lilikuwa M Ithinji, pengo katikati, kana kwamba hiyo M ni kifupi cha Musa au Mathayo. (Jina hili nimeliazima ili nisimwanike babu, lake halisi lilitusumbua vivyo hivyo.)

Karani hakuwa mkorofi. Alikuwa na kompyuta iliyokataa ritifaa, na utaratibu unaosema kwamba majina yasipolingana, basi wenye majina ni watu tofauti. "Sasa mkubwa," akaniambia, "hapa mko na marehemu watatu. Mnataka kumrithi yupi?"

Nilicheka, kisha nikalipa nauli ya kurudi nyumbani. Safari hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuitazama upya herufi niliyoizoea tangu utotoni.

Mwanamume wa Kimeru wa zamani alitambulika kwa M' kama Mmaasai anavyotambulika kwa ole na Mkalenjin kwa arap. Ukitazama inavyotumika, utaona inafanya kazi mbili. Ikikaa mbele ya jina la mtu mwenyewe, inamheshimu kama mwanamume mzima. Ikikaa mbele ya jina linalofuata, inashika nafasi ya "wa" ya Kiswahili. Baimungi M'Marete, kiongozi wa Mau Mau aliyepigana katika misitu ya Mlima Kenya na kuuawa 1965, uhuru ukiwa umeshapatikana, ni Baimungi wa Marete. Katika Mahakama ya Rufani yuko Jaji Kathurima M'Inoti. Wanafunzi wa sheria wanaosoma kesi za ardhi hukutana na M'Mukanya dhidi ya M'Mbijiwe ya 1984, na aliyelelewa Meru hahitaji kuambiwa ugomvi huo ulitoka upande gani wa mlima.

Weka Kinoti kando ya M'Inoti, na Kithinji kando ya M'Ithinji. Shina ni lile lile: kijana ameanza na K, mzee amevaa M'. Wanawake nao walikuwa na yao. Ciokaraine, anayekumbukwa Meru kama kiongozi wa wanawake enzi za ukoloni, alibeba mbele ya jina lake Cio, kitambulisho cha kike kama M' ilivyo cha kiume. Huko Mbeere utasikia Cia kwa akina mama wa umri mkubwa, na Embu utasikia Wa: Wanja, Wawira, Wambeti.

Lakini kiambishi ni kofia tu. Kilicho chini yake ni jina, na hapo ndipo Meru na Embu, majirani wanaosikilizana lugha bila mkalimani, wanapoachana njia.

Upande wa Meru, katika nyumba nyingi za Imenti, Tigania na Igembe, mtoto hupewa jina kwa ajili ya mtu fulani wa ukoo, ila si lazima apewe jina lenyewe la mtu huyo. Hupewa sifa yake. Nyanya aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo na kurudi shambani baada ya mvua, mjukuu wake ataitwa Kawira, mchapakazi, au Karimi, mkulima. Aliyependwa na kila mtu atazaa Kendi na Mwendwa. Aliyekuwa na uso wa kucheka atazaa Makena. Babu aliyesimama barazani na watu wakanyamaza atazaa Mugambi, msemaji. Mwenye mali atazaa Gitonga, mchungaji hodari atazaa Murithi, na aliyependa kibuyu cha pombe naye hasahauliki: mjukuu wake ni Kinyua, mnywaji. Kuna pia majina ya tukio. Kambura alizaliwa mvua ikinyesha. Muthomi, yaani msomaji, ni jina linalonukia darasa na misheni.

Desturi hii ya kumsoma mtu na kumpa jina haikuwabakiza hata wageni. Mwaka 1908 Waingereza walipofungua kituo chao Meru, waliyemtuma alikuwa Edward Horne. Wameru walimtazama anavyozunguka vilimani asitulie mahali pamoja, wakamwita Kangangi, kijizururaji. Cheo chake kilikuwa bwana shauri, lakini Kangangi ndilo jina lililobaki midomoni.

Kwa sababu hiyo watu wawili wa Meru wenye jina moja hawana haja ya kutafuta undugu. Kawira wa Maua na Kawira wa Nkubu wameunganishwa na bidii ya bibi wawili tofauti. Kawira Mwangaza, aliyechaguliwa gavana wa Meru mwaka 2022, ana jina moja la Kimeru linalotaja kazi na jingine la Kiswahili linalotaja nuru, na hakuna anayeona ajabu. Na ukikutana na Kaburu, usimuulize babu zake walihama Transvaal lini. Kwenye Kiswahili neno hilo ni Mzungu wa Afrika Kusini; huko Meru ni mtu wa nyumbani kabisa.

Vuka mto Thuci uingie Embu, hesabu inabadilika. Hapa jina lenyewe ndilo linalorudi. Mwana wa kwanza humrithi baba wa baba yake, wa pili baba wa mama yake. Binti wa kwanza ni wa mama wa baba, wa pili ni wa mama wa mama. Wakipita hao wanne, zamu huenda kwa ami, wajomba na shangazi. Ndiyo maana Embu kuna majina machache yanayozunguka sana: Njeru na Njiru, mweupe na mweusi, Mbogo, nyati, Njagi, punda milia, Ndwiga, twiga, Nyaga, mbuni. Huyo mbuni ndiye wengi wanaomsikia ndani ya Kirinyaga, jina la mlima wenyewe, kwa vile jabali jeusi na theluji nyeupe hufanana na manyoya ya dume lake.

Ukitaka kuliona jambo hili likiishi, kaa jikoni Embu asubuhi moja. Mama anamimina uji, mvulana wa miaka minne anamwaga kikombe, na mama anasema, "Baba, hebu nyanyuka hapo nipanguse." Hamtanii. Mtoto huyo ana jina la baba mzazi wa mama huyo, naye hawezi kulitamka kwa kelele kama anayemfokea kuku. Dada yake, aliyebeba jina la nyanya wa upande wa baba, hapigwi ovyo mbele ya baba yake, kwani kumpiga yeye ni kama kumgusa mama mkwe. Jina limempa mtoto ngao, na limempa mzazi adabu.

Ndivyo pia anavyozaliwa Muriuki, jina linalosikika pande zote mbili za Thuci. Maana yake ni aliyefufuka. Hupewa mtoto anayemrudisha nyumbani mtu aliyekwisha kufa.

Nilipokuwa nikilifikiria jina hilo nikakumbuka Martina Navratilova, aliyetwaa Wimbledon mara tisa katika mchezo wa mmoja kwa mmoja. Navrátil kwa Kicheki ni "aliyerudi". Huenda zamani mwanakijiji alitoka vitani au ughaibuni, wenzake wakamwona njiani wakasema, huyo karudi. Wacheki wana majina mengi ya namna hiyo, yaliyoanza kama utani wa majirani: Novák ni mgeni mpya kijijini, Kovář ni mhunzi, Svoboda ni uhuru, na Nejedlý ni yule asiyekula, ambaye angefaa kukaa meza moja na Kinyua wetu. Wanawake nao wana alama yao, ila wao huibandika nyuma: mume Navrátil, mke na binti Navrátilová.

Tofauti ni kilichotokea baadaye. Katika miaka ya 1780 Kaisari Josef II, aliyewatawala kutoka Vienna, aliamuru kila familia ishike jina moja la ukoo lisilobadilika. Tangu hapo mtoto wa aliyerudi ni Navrátil, na mjukuu wake pia, hata kama hajawahi kutoka nje ya kijiji. Martina mwenyewe alilipata kwa baba wa kambo. Utani wa siku moja uligeuka mali ya ukoo. Na alama ya kike ikadumu kwenye karatasi hadi Januari 2022, sheria ilipomwachia kila mwanamke wa Kicheki aamue kama anaitaka au haitaki.

Wacheki wamekuwa na zaidi ya miaka 200 ya kuzoea jina lililogandishwa. Sisi tumekuwa na takriban 100. Sheria ya kipande ilitungwa 1915, ikaanza kubana kweli baada ya Vita Kuu ya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kubeba karatasi ya jina lake na alama za vidole, mara nyingi ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Hapo mtu ambaye jina lake lilikua pamoja naye akaambiwa achague moja. Mandhari ile unaweza kuiona: karani kutoka kwingine, masikio yake hayajazoea Kimeru, anauliza jina, anasikia M na kimya kifupi, anaandika anachoweza.

Misheni ziliongeza tabaka jingine. Waanglikana walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakajenga Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru, 1912. Waskoti wakaja Chogoria 1922 na Daktari Archibald Irvine. Wakatoliki wa Consolata wakaleta watakatifu wa Italia. Ubatizo ulidai jina la kitabu, na watu wakalifungua Agano la Kale kwa bidii. Jamleck, ambaye Biblia inamtaja mara moja tu katika 1 Mambo ya Nyakati 4:34, amepata wajina wengi kuzunguka Mlima Kenya.

Kisha yakaja majina matatu ya shule na ya kitambulisho: la ubatizo, la nyumbani, la baba. Hapo la baba likaanza kuganda. Jeremiah Nyagah, mwanasiasa wa Embu aliyeingia bungeni kabla ya uhuru na kuwa waziri kwa miaka mingi, alikuwa na wana waliojulikana nchi nzima kama Joseph Nyagah na Norman Nyagah. Mbuni wa mzee akawa mbuni wa familia. Familia nyingi zimefuata njia hiyo, na sioni kosa lao. Benki, ubalozi na chuo kikuu huuliza kwa nini baba na mwana hawafanani jina.

Ila ndani ya mpango huo M' haina pa kukaa. Chukua orodha ya darasa la kwanza popote Imenti, uisome. Utakuta akina Mwenda, Kendi, Mugambi, Gatwiri, Makena tele. M' utaikuta, ukiikuta, mwishoni mwa mstari, kwenye jina la babu. Nilidhani sababu ni aibu, kwamba vijana wanaiona ya kishamba. Wengine ndivyo. Wengine wanailaumu kompyuta, kama karani wetu. Lakini nadhani chanzo kiko nyuma zaidi ya hapo. Jina la ukoo la Ulaya huandikwa siku unayozaliwa. M' ilimsubiri mtu akue. Fomu inauliza unaitwaje leo, ukiwa na siku tatu duniani, na jibu lolote litakalotolewa siku hiyo ndilo litakaloandikwa hadi kwenye kaburi.

Mambo ya babu yalimalizwa na wakili. Alitutengenezea hati ya kiapo, ukurasa mmoja wenye mhuri mwekundu, inayosema kwamba M'Ithinji, Mithinji na M Ithinji ni mtu mmoja na yuleyule. Nyanya aliweka kidole gumba kama shahidi. Aliposomewa yale majina matatu alitikisa kichwa, akasema mume wake alikuwa mmoja, na hata huyo mmoja alimtosha.

Mwezi uliofuata binamu yangu akapata mtoto wa kiume. Kwa kuwa yaliyotupata yalikuwa bado mabichi, binamu alitaka kulikomboa jina: aliandike kwenye fomu ya kuzaliwa kamili, M' na ritifaa yake, kabla halijapotea kabisa. Alikuja na fomu hadi kwa nyanya, akamsomea kwa fahari. Nyanya akamfunua mtoto, akamtazama mikono, akamtazama uso uliokunjamana.

"Huyu ni Kithinji," akasema. "M' aingoje. Aote ndevu kwanza, tuone ni mtu wa namna gani."

Binamu akaitazama tena ile fomu, juu hadi chini. Palikuwa na nafasi ya jina la kwanza, la kati na la mwisho. Akaandika Kithinji, akaifunga kalamu.