Butembo na Beni: sabufa inakula umeme wa taa, heri kuipa batri yake

Ni saa mbili ya usiku. Katika komine ya Bulengera mjini Butembo, au Mulekera kule Beni, nyumba nyingi zinazotumia umeme wa jua zinajua jambo hili. Muziki unaanza vizuri. Mtu anaongeza sauti kidogo, na kila besi inapopiga taa ya sebuleni inafifia. Punde konvertisa inaanza kulia, kisha giza. Mtoto aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa serikali anafunga daftari.

Wengi husema batri imezeeka. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi shida ni kwamba sabufa, yaani ile bafle kubwa ya besi, inakula sahani moja na taa, simu na televisheni.

Ni kweli kwamba umeme umesogea karibu. Virunga Energies ilijenga kituo cha maji cha Luviro, wilayani Lubero, chenye nguvu ya zaidi ya megawati 14. Mjini Beni, kampuni ya Nuru iliweka mtambo wake wa kwanza wa jua mwaka 2017. Hata hivyo, wakaaji wengi bado wanategemea pano moja na batri moja, na humo ndimo sabufa inaposumbua.

Kwa nini besi inakula sana? Sauti nzito hutoka pale koni ya bafle inaposukuma hewa nyingi. Nota ya chini kabisa ya gitaa la besi, lile linalobeba rumba yetu, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Koni ikishuka kutoka mitikisiko 80 hadi 40 kwa sekunde, inabidi itembee mara nne zaidi ili itoe nguvu ile ile ya sauti. Tena, ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, ampli inahitaji nguvu karibu mara 10. Ndiyo maana kugeuza kitufe kidogo tu kunaweza kumaliza batri.

Tuchukue mfano. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba kama wati-saa 1,200. Ili isife mapema, haifai kutumia zaidi ya nusu, basi zinabaki 600. Taa tano ndogo, simu na bafle ndogo vikitumia wati 40 kwa jumla, nyumba itakaa na umeme saa 15. Ongeza sabufa inayokula wati 80 kwa wastani, zile saa 15 zinakuwa 5. Ukiwasha saa kumi na mbili ya jioni, saa tano ya usiku mko gizani.

Sabufa ikipewa batri yake, taa zinabaki na saa zao 15. Batri ya pili ya ukubwa ule ule itaendesha besi kwa saa 7 hivi. Ikiisha, muziki unabaki mwepesi, lakini nyumba haizimiki.

Kazi yenyewe inaanza kwa kutazama aina ya mashine. Katika seti nyingi ndogo zinazouzwa madukani, ampli ya bafle zote imo ndani ya sanduku la sabufa. Ukihamisha waya wake wa umeme, umehamisha kila kitu. Hapo fundi anatenga bafle ya besi na ampli ya zamani, kisha anaiunganisha na ampli nyingine. Ampli ya gari ya volti 12 inafaa, kwa sababu inachukua umeme moja kwa moja kwenye batri bila kupitia konvertisa, ambayo nayo hupoteza sehemu ya umeme njiani. Lazima omu za bafle ziendane na zile zilizoandikwa kwenye ampli. Omu zikiwa chache mno, ampli itaungua.

Muziki unafika kwenye ampli hiyo kwa waya wa sauti kutoka kwenye tundu la sabufa la redio au televisheni. Kichujio kiwekwe karibu na 80, ili ampli mpya ibebe sauti nzito tu na bafle ndogo zibaki na uimbaji na magitaa.

Usalama usisahauliwe. Ampli ya volti 12 ikivuta wati 300, ampea 25 zinapita kwenye waya. Waya mwembamba wa taa utapata moto na unaweza kuchoma nyumba. Fundi atumie waya mnene, na aweke fizibli karibu kabisa na upande chanya wa batri. Batri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, basi isiwekwe chini ya kitanda wala karibu na jiko. Usiunganishe batri mpya na ya zamani pamoja. Ya zamani itaivuta mpya chini.

Batri ya pili inahitaji pia pano yake. Kucheza muziki saa 4 kwa wati 80 ni wati-saa 320. Pano ya wati 100 ikipata saa 4 za jua kali itatoa 400 kwa hesabu, lakini kwa kweli ni pungufu. Siku za mvua na ukungu wa Butembo, besi ipumzike.

Kwa mwenye mfuko mdogo, iko njia isiyogharimu kitu: punguza besi usiku ukiwa kwenye batri. Sauti nzito hupenya ukuta wa mbao na wa tofali hadi kwa jirani. Na katika eneo letu, ambalo limekuwa chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021, ni vizuri familia ilale ikiweza kusikia kinachotokea nje, na taa iwe tayari kuwaka inapohitajika.