Kikombe Kilichotengwa

Mama mmoja alitujia baada ya darsa, uso umemjaa hofu. Wifi yake anayeishi na virusi vya Ukimwi amerejea nyumbani. Naye amemtengea sahani na kikombe, na ataka wanawe wapimwe kwa kuwa walikula naye sinia moja.

Tulimwambia: virusi hivi haviambukizwi kwa chakula, jasho, kupeana mikono, choo wala mbu. Hupita kwa jimai, kwa damu, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa mimba, kujifungua au kunyonyesha. Sinia haina kosa. Tena mgonjwa akidumu na dawa hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe wa ndoa.

Kisha tukamuuliza: “Bintiyo aliyeposwa, je, yeye na mchumba wake wamepimwa?” Akanyamaza.

Hapo ndipo penye haja: kabla ya nikaha, katika kila mimba, na mwenza anapogunduliwa. Aliyebakwa au kuchomwa na sindano iliyotumika awahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kinga za siku 28. Kipimo cha mapema mno chaweza kukosa virusi. Hurudiwa baada ya miezi 3.

Kupima si kumdhania mtu vibaya, bali ni kuhifadhi nafsi na kizazi, nayo ni katika makusudio ya sharia. Mama zetu, rudisheni vikombe kabatini, na mabinti wapimwe kabla ya kuozwa. Allah atuhifadhi sote. Amin.