Kioo cha Paa Kilipopasuka na Dhamana Ikakataliwa

Magari yenye paa la kioo yamekuwa mengi katika barabara zetu za Mombasa, Kilifi na Malindi. Watoto huyapenda kwa kutazama mawingu, na wauzaji huyanadi kwa fahari. Lisilotajwa yadini ni kwamba kioo kile hushinda juani mchana kutwa, na siku kinapopasuka mwenye gari hujikuta katika safari ndefu ya simu na barua.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, yalimfika hayo. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, hapana mwembe juu yake wala watoto waliocheza mpira karibu. Alasiri akakuta ufa umeanzia ukingoni mwa kioo na kufika katikati. Dhamana ya miaka mitatu ilikuwa haijakwisha. Waliomuuzia walimjibu kwa simu, kwa maneno mawili tu: "Kimepigwa jiwe." Bei ya kioo kipya ilizidi karo ya muhula ya watoto wake wawili, na gari hilo ndilo lililompeleka mamake kliniki kila wiki.

Kabla ya kugombana na mtu, yafaa kukijua kioo chenyewe. Viko vya namna mbili. Cha kwanza hutiwa moto wa zaidi ya nyuzi 600 kisha hupozwa ghafla kwa upepo, ili uso wake ukaze na ndani yake mvutano ubaki. Hicho hakipati ufa. Kikishindwa hulipuka chote kikawa punje punje. Huweza kushindwa kwa sababu ya jiwe dogo, kwa ukingo uliochubuka, au kwa chembe ya nikeli na salfa iliyonaswa ndani tangu kiwandani ikatanuka polepole. Cha pili ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati. Hiki ndicho kipatacho ufa, na vipande vyake hushikwa na utando.

Ufa huo nao una mengi ya kusimulia. Ukitokana na jiwe, mara nyingi huwa na kitobo kidogo mahali lilipopiga, nyufa zikitawanyika kutoka hapo. Ufa unaoanzia ukingoni bila kitobo chochote hutia shaka kwamba fremu imekibana kioo au kilifungwa vibaya. Wala si jambo la kubuni: mwaka 2012 kampuni ya Hyundai iliyaita tena gereji magari takriban 13,500 ya aina ya Veloster nchini Marekani, kwa kuwa kioo cha paa huenda kilidhoofishwa wakati wa kufungwa kiwandani.

Kwa hiyo dada, likikufika, piga picha kabla ya kufagia: gari zima, kisha ufa kwa karibu, nje na ndani, na ukingo wote kwa kidole chako kikionyesha ulipoanzia. Kioo kikivunjika, hifadhi vipande mfukoni. Fundi mwenye haraka huvitupa, na ushahidi ukaenda navyo. Usilifungue wala kulifunga paa hilo, vuta pazia la ndani, usibamize milango madirisha yakiwa yamefungwa, na usimwagie kioo chenye moto maji baridi. Watoto wakae mbali mpaka viti vifyonzwe vumbi vizuri.

Jibu la simu usilikubali kuwa jibu. Andika barua, uliza ni kifungu gani cha dhamana kinachowakatalia, na uombe sababu kwa maandishi. Jirani yetu alifanya hivyo, akalipeleka gari kwa mkaguzi asiye na uhusiano na muuzaji. Chama cha Magari cha Kenya, AA, nacho hukagua magari. Ripoti ilisema hapakuonekana alama ya kugongwa.

Sheria haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema mkataba wenye utata ufasiriwe kwa manufaa ya mtumiaji. Waliosoma fiqhi ya biashara watalitambua swali lililo katikati ya ugomvi huu: je, aibu ilikuwamo kabla ya mnunuzi kukabidhiwa? Ndilo lile lile la khiyari ya aibu. Muuzaji akishikilia kukataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yapasa kuamua ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujitetea bila wakili.

Jirani hakufika huko. Barua ya pili, ikiwa na ripoti na picha, ilimrudishia kioo. Ufundi akalipa mwenyewe. Kwa maoni yangu hata huo haukustahili kulipwa naye, lakini alitaka mamake arudi kliniki.

Bima nayo isomwe mapema. Bima ya mtu wa tatu haitakulipia kioo. Ile kamili hulipa, ila sehemu ya vioo mara nyingi ina kikomo chake, na mikataba mingine hutaja kioo cha mbele na madirisha bila kutaja paa. Uliza, uandikiwe.

Wengi wetu, hata hivyo, hununua magari yaliyotumika Japani, yasiyozidi umri wa miaka 8, na dhamana ya kiwanda haipo tena. Hapo kagua kabla ya kulipa: fungua na ufunge paa mara kadhaa, pitisha kidole kwenye mpira wa ukingoni, mwagia maji juu kisha uguse kitambaa cha ndani na mazulia. Chochote muuzaji atakachoahidi kuhusu paa hilo kiandikwe kwenye mkataba wa mauzo, kwa tarehe na sahihi yake.